Propela Inayogeuza Mapanga Yake Angani

Chukua propela yoyote ya ndege ya modeli uitazame karibu na kitovu. Utakuta namba mbili, tuseme 10x6. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, na hiyo haina fumbo. Ya pili ndiyo inayowasumbua wanaoanza. Nayo ni inchi, lakini hata ukizungusha rula pande zote za propela hutaiona, maana inapima safari: propela ikizunguka mara moja, na hewa isiteleze hata kidogo, ingesogea mbele inchi 6. Safari hiyo nitaiita hatua.

Hesabu yake ni nyepesi. Mota ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, hatua ya inchi 6 inatupa inchi 54,000 kwa dakika, yaani karibu mita 1,372, sawa na kilomita 82 kwa saa. Ndege ikikaribia mwendo huo propela haina tena cha kuvuta. Ukiipiga mbizi ikapita mwendo huo kwa mbali, propela inageuka breki.

Sasa tuingie kwenye pembe, kwa kuwa hatua na pembe ya panga ni jambo moja lililopimwa kwa njia mbili. Kwa propela hiyo ya 10x6, panga limelala kwa nyuzi karibu 14 ukipima robo tatu ya njia kutoka kitovuni hadi nchani. Kwenye ncha yenyewe ni nyuzi 11, na karibu na shina hupanda kufika 37. Ndiyo maana panga huonekana limesokotwa. Ncha huzunguka duara kubwa na shina huzunguka duara dogo, lakini vyote viwili sharti visonge mbele inchi zile zile 6.

Ndege ikiwa imesimama chini na mota imefunguliwa, hewa hulijia panga ubavuni, na panga huikata kwa karibu nyuzi zote 14 (hewa inayofyonzwa na propela yenyewe hupunguza kiasi). Ndege ikishika mwendo wa mita 15 kwa sekunde, upepo wa mbele hula nyuzi kama 9 na nusu, na panga linabaki na nyuzi zisizofika 5 za kufanyia kazi. Hapo kwenye nyuzi chache ndipo panga hufanya kazi vizuri. Kwa hiyo propela ya hatua ndogo huvuta kwa bidii wakati wa kuruka kisha huishiwa ndege ikishika kasi. Ukiibadilisha ukaweka 10x10, ile pembe ya robo tatu inakuwa nyuzi 23. Angani, kwa mwendo mkubwa, hiyo ni sawa kabisa. Ndege ikiwa imesimama, hewa inashindwa kuufuata mgongo wa panga, inabanduka, na mota inaunguruma na kula betri bila mvuto wa maana.

Aliyewahi kuendesha gari lililokwama kwenye gia moja anajua mateso haya. Gia ya kwanza hupanda mlima lakini haifai barabara kuu, na gia ya nne ni kinyume chake. Propela ya pembe isiyobadilika ni gari la gia moja, na kila anayeinunua ameshachagua ni wapi atateseka.

Kwenye ndege kubwa tatizo hili lilitatuliwa zamani. Mwaka 1933 kampuni ya Hamilton Standard ya Marekani, na hasa mhandisi wake Frank Caldwell, walipewa tuzo ya Collier kwa propela ambayo rubani aliweza kuigeuza pembe kwa shinikizo la mafuta: pembe moja ya kurukia, nyingine ya kusafiria. Waingereza walichelewa kidogo. Ndege zao za kivita za Spitfire za kwanza zilitoka kiwandani na propela ya mbao ya mapanga mawili isiyogeuka kabisa, zikafuata zenye pembe mbili, na ilikuwa katika majira ya joto ya 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, ndipo mafundi wa kampuni ya de Havilland walipozunguka viwanja vya ndege wakifunga propela zinazojirekebisha zenyewe ili injini ibaki kwenye mizunguko ile ile.

Leo jambo hilo ni la kawaida kiasi kwamba hatulioni. Ukiwa ndani ya ATR ya Precision Air au Dash 8 ya Air Tanzania, ule mngurumo unaovimba magurudumu yakishagusa lami ni mapanga yaliyogeuzwa yasaidie kusimamisha ndege. Injini ikizimwa, tazama tena: mapanga yamegeuka, makali yanaelekea mbele, kana kwamba hayataki kugusana na upepo.

Basi kwa nini ndege za modeli, zinazoiga kila kitu cha ndege kubwa, nyingi hazina propela ya namna hii? Jibu langu ni kwamba nyingi haziihitaji, na anayekushawishi uifunge kwenye ndege yako ya mazoezi anakuongezea uzito na kazi ya bure. Injini ya pistoni hutoa nguvu zake zote kwenye mizunguko fulani tu, kwa hiyo propela isiyoiruhusu kufika huko inaifunga mikono. Mota ya umeme ina nguvu ya kuzungusha tangu inapoanza. Tena tofauti kati ya mwendo wa kuruka na mwendo wa kusafiri wa modeli si kubwa kama ya ndege ya abiria. Ukikosea hatua, unafungua nati moja na kuweka propela nyingine, na hiyo propela ni kitu cha bei ndogo.

Lakini kuna kazi mbili ambazo propela isiyogeuka haiziwezi vizuri, na zote mbili hufanyika chini ya dari.

Ya kwanza ni sarakasi za ukumbini. Hapa ndege ni karatasi za foamu zilizoimarishwa kwa vijiti vya nyuzi za kaboni, nyepesi kiasi cha kuruka kwa mwendo wa mtu anayetembea, na rubani huirusha kwa kufuata muziki. Anataka ishuke wima, pua chini, polepole, bila kuongeza kasi hata chembe. Anataka isimame ghafla katikati ya ukumbi kisha irudi kinyumenyume. Wanaofuata mchezo huu kwa makini hawaifungi propela inayogeuka ili kupata kasi. Wanaifunga ili kupata breki.

Utauliza: si mota ya umeme inaweza kuzungushwa kinyume? Inaweza, na vipo vidhibiti mwendo vinavyofanya hivyo. Lakini ili ibadili upande ni lazima kwanza propela ipunguze mizunguko, isimame, kisha ianze upya, na wakati huo ndege haina mvuto wala breki. Vilevile nguvu inayoupindua mwili wa ndege kuelekea upande mmoja hubadilika ghafla kuelekea wa pili. Mapanga yakigeuka, mota haibadili upande wala haipungui kasi. Ni pembe tu inayohama kutoka chanya kupita sifuri kwenda hasi, kwa kufumba na kufumbua.

Kifaa chenyewe ni kidogo, na mtu akikishika mara ya kwanza hukigeuzageuza kutafuta nguvu zinapitia wapi. Shafti ya mota ina tundu kutoka nyuma hadi mbele. Ndani yake hupita kijiti chembamba cha chuma. Nyuma ya mota kuna sevo, ile mota ndogo ya kuvuta na kusukuma inayotumika pia kwenye usukani wa ndege, nayo ndiyo inayokisogeza kijiti. Mbele, kijiti kimeshikana na kipande kinachoteleza kikiwa kinazunguka pamoja na propela. Kutoka hapo vijikono viwili vinafika kwenye mashina ya mapanga, vikiwa vimefungwa pembeni kidogo ya mhimili wa kila panga. Kijiti kikisukumwa, mapanga yote mawili hugeuka kwa pamoja na kwa kiasi kile kile. Mahali fulani kati ya sevo isiyozunguka na kitovu kinachozunguka sharti pawe na beringi, la sivyo sevo itasokotwa.

Tuchukue kijikono cha milimita 5. Kijiti kikisogea milimita 2, panga linageuka nyuzi kama 24. Huo ni mwendo mkubwa kwa msukumo mdogo, na hapo hapo ndipo ugonjwa wa kifaa hiki ulipo: kiungo kikilegea kwa milimita 0.2 tu, panga linacheza kwa zaidi ya nyuzi 2. Kwenye panga linalofanya kazi kwa nyuzi 4 au 5, hiyo ni karibu nusu ya kazi yake. Ndege itatetemeka, mvuto utakuja na kupotea, na rubani ataanza kulaumu betri. Kabla ya kurusha, shika panga kwa vidole viwili ulitikise. Ukisikia likigongagonga, usirushe.

Kisha kuna nguvu ya kulitupa panga nje. Panga la gramu 1, uzito wake ukiwa umekusanyika sentimita 4 kutoka mhimilini, likizunguka mara 5,000 kwa dakika linavutwa nje kana kwamba limening'inizwa kilo 1.1. Panga la gramu 5 la modeli kubwa kidogo, uzito ukiwa sentimita 5 kutoka mhimilini, kwa mizunguko 8,000, linavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 18. Propela ya kawaida ni kipande kimoja, kwa hiyo hustahimili hayo bila shida. Hapa mzigo wote unabebwa na beringi na skrubu ndogo, huku panga likitakiwa ligeuke kwa ulaini mzigo huo ukiwa juu yake. Usisimame kamwe kwenye mstari wa mapanga yanapozunguka. Nguvu hiyo hiyo pia hulivuta panga lilale kwenye pembe ya sifuri, kwa hiyo sevo iko kazini hata rubani asipogusa kitu.

Umbo la panga nalo linalazimika kuwa maridhiano. Ule msokoto wa nyuzi 37 shinani na 11 nchani ni sahihi kwa hatua moja tu. Ukiligeuza panga zima kwa nyuzi 10, shina na ncha hazikubaliani tena. Ukiligeuza hadi upande wa hasi, msokoto unakuwa kinyume kabisa na inavyotakiwa, na tumbo la panga linageuka mgongo. Kwa sababu hiyo mapanga ya ndege hizi hutengenezwa yakiwa karibu bapa, bila msokoto mwingi. Yanavuta vibaya kidogo kuliko propela ya kawaida kwenye safari ya kwenda mbele, na wenye nayo wameikubali gharama hiyo.

Rimoti hupangwa kama ya helikopta. Kijiti cha mkono kikiwa katikati, pembe ni sifuri. Juu ndege inavutwa mbele, chini inavutwa nyuma. Mota huachwa ikizunguka kwa kasi isiyobadilika sana. Matokeo yake mkono uliozoea ndege za kawaida unaweza kumponza mwenyewe: kijiti kikiwa chini kabisa, pale alipozoea kuwa mota imezimwa, propela inavuma kwa nguvu zote ikirudi nyuma. Swichi ya pekee ya kuzima mota si mapambo. Na ndege ikirudi kinyumenyume, hewa ya propela inakwenda mbele badala ya kupita mkiani, kwa hiyo usukani unapoteza nguvu, na ule uliobaki unafanya kazi kwa kupinduka.

Kazi ya pili haina betri, haina sevo, haina rimoti, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Ni daraja la mashindano linaloitwa F1D: ndege ya ukumbini inayoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, upana wa mabawa usiozidi sentimita 55, uzito wa angalau gramu 1.4 bila mpira, na mpira wenyewe usiozidi gramu 0.4. Propela huzunguka karibu mara moja kwa sekunde, polepole kiasi cha kuhesabika kwa macho. Anayeshinda ni anayekaa hewani muda mrefu zaidi.

Mpira uliosokotwa una tabia mbaya: mwanzoni hufyatuka kwa nguvu nyingi, kisha nguvu hushuka haraka, halafu hubaki ikififia polepole kwa muda mrefu. Kwa propela isiyogeuka, nguvu ya mwanzo inairusha ndege kwa pupa kuelekea dari na kuteketeza misokoto ambayo ingehitajika baadaye. Kitovu cha F1D kinalizuia hilo kwa springi. Nguvu ya mpira ikiwa kubwa, inaishinda springi na kuyageuza mapanga kwenye pembe kubwa. Propela inakuwa nzito, inapunguza mizunguko, na ndege inapanda taratibu. Mpira ukichoka, springi inarudisha mapanga kwenye pembe ndogo, na nguvu hafifu iliyobaki bado inatosha kuizungusha. Hakuna anayeamuru. Mpira wenyewe ndio unaotoa amri na springi inajibu.

Mashindano ya dunia ya daraja hili yamefanyika mara kadhaa ndani ya mgodi wa chumvi wa Slănic nchini Romania, ambako vyumba vilivyochimbwa vina kimo cha mita 54 na hewa yake ni tulivu. Kitovu hurekebishwa kulingana na ukumbi: skrubu mbili ndogo huweka mwisho wa pembe kubwa na mwisho wa pembe ndogo, na ya tatu hukaza springi. Mrushaji huzigusa kati ya safari moja na nyingine: kwenye ukumbi wenye dari fupi hukaza tofauti na mgodini, kwa sababu anataka ndege ifike karibu kabisa na dari bila kuigusa, kisha ianze kushuka ikiwa bado na misokoto mingi.