Ganzi Isiyoisha Baada ya Kuwekewa Jino



Siku hizi aliyepoteza gego anaweza kuwekewa jino la kupandikiza. Si yale meno ya kuvaa na kuvua. Daktari hutoboa mfupa wa taya, akakaza humo skrubu ndogo ya madini ya titani, na mfupa ukishaishika, jino hujengwa juu yake. Kazi hii ilianzia Sweden mwaka 1965, kwa Per-Ingvar Brånemark. Ni nzuri, lakini ni ghali. Basi kabla ya kutoa akiba yako, ijue hatari hii moja.

Ndani ya taya la chini mna mfereji mwembamba. Humo hupita mshipa wa fahamu, kutoka nyuma kwenye magego hadi kidevuni. Ndio unaotufanya tuhisi mdomo wa chini na kidevu. Keekee ya daktari ikizama mno, au skrubu ikiukandamiza, mshipa huumia. Hata kung'oa gego la mwisho la chini kwaweza kuuumiza. Mwenye shida hii hutokwa mate bila kujua, hujiuma mdomo, huunguzwa na chai. Wengine husikia kuchomachoma au maumivu makali.

Ganzi ya sindano huisha baada ya saa chache. Ukiamka kesho yake na mdomo bado umekufa ganzi, usiseme ati itapoa yenyewe. Rudi kwa aliyekutibu siku hiyo hiyo, hata kama ni kuvuka feri. Akikosekana, nenda Hospitali Kuu ya Pwani kule kisiwani. Kama ni skrubu inayokandamiza, kuitoa mapema, hasa ndani ya saa 36 za kwanza, huongeza nafasi ya kupona. Jeraha dogo hupona kwa wiki au miezi. Lakini wako wanaobaki na ganzi maisha.

Kabla ya kutibiwa, uliza hivi:
- Je, nitapigwa eksirei ili mfereji uonekane?
- Kutabaki nafasi gani kati ya skrubu na mshipa? (Isipungue milimita 2.)
- Je, umesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno?

Kuuliza si utovu wa adabu. Taya ni lako.

Ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini twaona haya kumrudia daktari mambo yakienda kombo?
2. Kikundi kitamsaidiaje nauli mwenzetu anayetakiwa kurudi hospitali upesi?