Mrithi wa Chai ni Nani?

Mimi ni mwanaisimu, na nashuhudia kwamba neno "mrithi" halimbagui binti na kaka yake. Hata Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981, husema "watoto" tu. Lakini Kericho na Bomet, mzee mwenye shamba la chai akifariki, mara nyingi "mrithi" huwa mwana wa kiume peke yake. Namba ya mkulima kiwandani huandikishwa kwa jina lake, na bonasi hufuata namba. Binti aliyechuma majani tangu utotoni hubaki mtazamaji. Walimu wenzangu, tutafundishaje maana ya neno ambalo nyumbani limekatwa nusu? Wosia uandikwe mwenye shamba angali hai, na binti atajwe kwa jina.