Baiskeli Mbili Ndani ya Noah

Sogeeni wajukuu zangu, leo tunafunga mzigo. Gari ni Noah, hizi hizi mnazoziona mjini kila siku, na mzigo wenyewe ni baiskeli mbili za gia zenye tairi pana. Waliozibuni walizikusudia milimani. Sisi wa Tabora tunazipendea mchanga, kwa sababu mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini ardhi yake ni tambarare na njia zake nyingi ni kichanga kinachomeza tairi nyembamba.

Tunakwenda Ujiji. Tutapita Urambo na Kaliua, tutavuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, tutapita Uvinza penye chumvi, ndipo tushuke Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 400. Watu ni watano, baiskeli mbili, mabegi, na dumu la asali, maana hakuna anayetoka Tabora kwenda kwa ndugu mikono mitupu.

Nikiwauliza vijana baiskeli zipakiwe wapi, wengi hujibu kwamba zifungwe juu ya keria. Yawezekana. Lakini huko juu kuna vumbi, kuna mvua, kuna matawi ya miti, na kuna macho ya wezi kila mnaposimama kula. Ndani ni salama zaidi, mradi ujue kupanga. Baiskeli nzima haiingii kwenye buti la Noah yenye abiria watano. Usukani unakwama, tairi la mbele linachungulia nje, mlango haufungi. Hapo watu huanza kusukuma na kuvuta, mpaka kiti kinachanika na spoki zinapinda. Nguvu haisaidii kitu. Njia hii tunayoipita imebeba mizigo mikubwa kuliko baiskeli, na waliobeba walikuwa na elimu yao. Tujifunze kwao kwanza.

Katika karne ya 19, kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo na Saadani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Ni kama kilomita 1,200 kwa miguu. Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika hapa Novemba 1857, wakapaita Kazeh. Msafiri mwingine, David Livingstone, alikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe lake mnaweza kwenda kuliona, liko nje kidogo ya mji. Lakini majina hayo yasiwafunike waliobeba. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu wa hapa hapa, wapagazi wa kulipwa ambao sifa zao zilifika Pwani hadi Unguja. Na ni lazima niwaambie ukweli wote: njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo wakapelekwa kuuzwa. Msilisahau hilo mnapopita chini ya miembe ya zamani ya njia hiyo.

Sasa sikilizeni elimu ya mzigo. Kipimo kilikuwa frasila, pauni 35, yaani kama kilo 16. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili. Nguo, merikani na kaniki, hazikurundikwa ovyo. Zilikunjwa, zikakazwa kwa kamba, zikawa robota refu jembamba kama mto wa kitandani. Kisha zikafungiwa fito zilizotokeza upande mmoja. Fito za nini? Mpagazi akitaka kupumzika, aliusimamisha mzigo juu ya fito zake na kuuegemeza kwenye mti. Akitaka kuondoka, aliingiza bega, akainuka nao bila kuinama hadi chini. Fikirieni mtu mwenye kilo 30 begani akiinama na kuinuka kila kituo kwa miezi mitatu. Fito zile ziliokoa migongo ya watu.

Waya wa shaba ulikunjwa mizunguko, ikaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti ili uzito ulingane huku na huku. Sanduku gumu lilichukiwa, kwa kuwa kona zake zinaumiza bega. Hilo lilifungwa kwenye mti likabebwa na watu wawili, mzegazega. Watoto wa Kinyamwezi nao walijifunza mapema, wengine wakibeba pembe ndogo za ndovu kando ya wakubwa wao.

Kuna mzigo mmoja uliopita hapa Tabora ambao kila nikiukumbuka nawaheshimu zaidi watu wale. Livingstone alipofariki Mei 1873, kule ambako leo ni Zambia, wenzake wakiongozwa na Susi na Chuma waliukausha mwili wake na kuubeba kuja Pwani. Walifika Kwihara Oktoba mwaka huo. Walipoendelea mbele wakakuta watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga mzigo wa uongo, wakautuma urudi Unyanyembe kana kwamba ndio mwili, na mwili wenyewe wakaufunga upya kwa umbo la robota la nguo. Ukapita. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Mzigo ule ule, uzito ule ule. Walichobadilisha ni umbo.

Wengine walitaka kulikwepa bega la Mnyamwezi. Mwaka 1877 wamisionari kutoka London walileta magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakiamini magurudumu yatamaliza tatizo. Mbung'o wakawauma ng'ombe, ng'ombe wakafa, magari yakaachwa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakateremshwa Msasani ili wabebe mizigo mpaka Ziwa Tanganyika. Nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Mbung'o hao bado wapo. Tukiingia pori la miombo mtawaona wakigonga vioo, kwa sababu wanafuata kitu kinachokwenda, hasa chenye rangi ya giza. Kwa hiyo huko madirisha yafungwe.

Na kitu kirefu kuliko mtu, kisichokunjika, kilibebwaje? Kilikatwa. Msafiri Henry Morton Stanley alipoanza safari yake ya mwaka 1874 alikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, yaani mita 12. Ilitengenezwa Uingereza kwa vipande vitano vya kuunganishwa. Ilipofika Unguja vipande vikaonekana vizito mno kwa wapagazi, ikabidi fundi avigawe tena. Novemba vikaondoka Bagamoyo mabegani mwa watu. Safari hiyo Stanley hakupita kwetu, baada ya Mpwapwa alikata kaskazini, lakini Machi 1875 mashua ilikuwa imeshaunganishwa na inaelea Ziwa Viktoria. Mwaka 1876 ikaelea Ziwa Tanganyika, kutokea Ujiji.

Halafu ikaja meli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani, waliokuwa wakitawala, walijenga meli huko Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Goetzen. Waliiunganisha kwanza kwa bolti, kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote. Ikaingia kwenye makasha 5,000. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni, yakapita hapa Tabora, yakafika Kigoma. Huko mafundi wakaiunganisha upya, safari hii kwa ribiti za moto, na Februari 1915 ikateremshwa ziwani, meli yenye urefu wa mita 70 hivi.

Vita vilipowageukia, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha walipaka injini zake grisi nyingi ili maji yasizile. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wajukuu zangu, chombo kilichofungwa na watu waangalifu kinaweza kulala chini ya maji miaka na bado kikafanya kazi.

Haya, sasa twende kwenye Noah.

Baiskeli ya gia ya kawaida ina kilo 14 au 16. Ni frasila moja. Kwa hiyo baiskeli zetu zote mbili ni mzigo wa mpagazi mmoja, na gari halitausikia. Shida yetu ni umbo. Viti vya safu ya nyuma tunavikunja na kuvifunga pembeni, safu ya katikati tunaisogeza mbele kidogo bila kuwabana miguu wanaoketi. Sakafuni tunatandika blanketi kuukuu au turubai.

Kisha tunafungua. Tairi la mbele lina mkono mdogo wa chuma kwenye ekseli: uvute, zungusha nati ya upande wa pili kidogo, tairi linatoka. Kama baiskeli ni ya nati za kawaida, tumia spana. La nyuma nalo litoke, lakini kwanza weka cheni kwenye gia ndogo kabisa, itakuachia kirahisi. Kama breki ni za diski, kata kipande cha boksi gumu ukichomeke katikati ya zile pedi, pale diski ilipokuwa, na mtu yeyote asiguse mkono wa breki. Ukiubana bila diski kuwepo, pedi zinakutana na tairi halitarudi. Hili wengi hulijua wakiwa wameshafika.

Pedeli zinataka spana namba 15, na hapa kuna siri ya kushika. Ya kulia inafunguka kama nati zote, kinyume cha saa. Ya kushoto inafunguka kwa kufuata saa. Waliotengeneza walifanya hivyo makusudi ili mguu unapokanyaga usiilegeze pedeli taratibu mpaka ikadondoka. Ukisahau, elekeza spana juu na uivute kuelekea tairi la nyuma. Pande zote mbili zinatii. Kiti kishushwe hadi chini, usukani ulegezwe na kugeuzwa ulale sambamba na fremu. Kila nati, kila pedeli, kila kipande cha boksi kiingie kwenye mfuko mmoja, mfuko ufungwe kwenye fremu yake. Wale wa Papenburg walikuwa na makasha 5,000 na wakajua kila bolti iko wapi. Sisi hatutashindwa na mifuko miwili.

Baiskeli ya kwanza ilazwe upande wa cheni ukiwa juu. Ile mashine ndogo inayohamisha cheni iko upande huo, na ikilaliwa inapinda, gia zinaanza kuruka. Juu yake blanketi. Ya pili ilale kinyume, kichwa chake kielekee mkia wa mwenzake, ili usukani usigongane na usukani. Matairi yasimame nyuma ya mgongo wa viti, diski zisielemewe na kitu. Mabegi laini yajaze mapengo. Dumu la asali lisimame mahali pake pekee, likiwa limefungwa vizuri.

Kazi haijaisha. Chukueni mipira, ile myembamba inayokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, hiyo hiyo ambayo wauza mkaa wa Tabora hufungia magunia kwenye baiskeli zao. Pitisheni kwenye fremu zote mbili, mkaze kwenye vyuma vya miguu ya viti, mbele na nyuma. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila kilichomo kinakwenda kilomita 80 kwa saa. Dereva akikanyaga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi, gari linasimama, lakini kisichofungwa kinaendelea na safari yake kuelekea visogo vyenu. Frasila moja ya chuma yenye ncha si kitu cha kuachia. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kitu kizito kitakachopandishwa juu ya mgongo wa viti, hakuna mtoto atakayekaa nyuma pamoja na baiskeli, na kila mtu atafunga mkanda. Kwa hili sitabembelezana na mtu.

Tukifika Ujiji, asipande mtu mara moja. Rudisheni matairi, kazeni nati, inueni baiskeli mlizungushe tairi mkitazama kama linagusa breki, baneni breki ya mbele, baneni ya nyuma. Fundi wa kweli huijaribu baiskeli ikiwa imesimama kabla ya kuiamini barabarani.

Safari ni Jumamosi alfajiri. Leo nendeni uani na spana namba 15, mfungue tairi la mbele mlirudishe, mfungue pedeli ya kushoto muirudishe, mpaka mkono uzoee. Wakubwa wasaidieni wadogo, na mipira ya tyubu ikatwe leo leo.