Paja limevunjika: ulizeni ganzi ya kinena

Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka kwenye mgodi wa KOV, hapa Kolwezi. Wachimbaji zaidi ya 40 walikufa. Wafu tunawahesabu, wenye kuvunjika miguu, nani anawahesabu? Tunawabeba kwa pikipiki, kila shimo la barabara ni kilio.

Iko njia ya kutuliza maumivu haya. Munganga anachukua ekografi, ile mashini yenye kuonyesha mtoto tumboni mwa mama, anaiweka kwenye kinena. Anaona mshipa wa fahamu wa paja, na mshipa wa damu ulio jirani, asije akautoboa. Anapiga shindano ya ganzi pembeni. Nusu saa hivi, paja linatulia, kwa saa nyingi. Mgonjwa yuko macho, anaongea, na morfini inatosha kidogo tu.

Basi mkifika lopitalo, ulizeni. Mbele ya shindano, munganga apime kama vidole vya mguu vinacheza na vinasikia. Kisha mgonjwa asisimame: mfupa bado umevunjika! Na mguu uliobanwa na jiwe ukizidi kuvimba na kukaza kama ngoma, iteni munganga mbio, hata mgonjwa akisema “hainiumi tena”. Ganzi inaweza kuficha hatari hiyo.