Kuruka Kuna Namna Nyingi

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu ya Thika, pale Kahawa Wendani, nikingojea matatu ya kwenda Ruiru, nikamwona kijana mmoja mwenye tai akija mbio kutoka ng'ambo. Alipofika katikati aliweka mkono mmoja juu ya kizuizi cha chuma, akajiinua, akaipitisha miguu yote miwili kwa pamoja, kisha akafika kwetu salama bila kuangusha hata karatasi moja. Mzee aliyekuwa na kikapu cha miche akamwuliza, "Mwanangu, daraja lile hukuliona?" Kijana akacheka. "Mzee, nimeruka tu, kama Kemboi."

Kemboi aliyetajwa ni Ezekiel Kemboi, aliyeshinda nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Athens mwaka 2004 na tena London mwaka 2012, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio hizo mtu huvuka viunzi mara 28 na shimo la maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimeta 91.4, nacho ni gogo zito lisiloanguka likiguswa; ukikosea, wewe ndiwe uangukaye. Kanuni haimlazimishi mtu aruke kwa namna moja. Aweza kupita juu bila kugusa, aweza kukanyaga, hata kuweka mkono akipenda. Mwaka 1968 kule Mexico wengi walikanyaga kiunzi cha maji wakashukia majini, lakini Amos Biwott alijirusha hata akashukia pakavu, akatwaa dhahabu. Tangu siku hiyo, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, dhahabu ya wanaume ya mbio hizo ilikuja kwetu hata mwaka 2016. Mwaka 2021 huko Tokyo ilichukuliwa na Soufiane El Bakkali wa Moroko.

Waingereza wana neno "vault" kwa kuruka kwa kutegemea mkono au mti mrefu. Na neno hilo hilo kwao ni chumba cha benki cha kuwekea fedha, na pia dari la tao! Sisi husema kuruka, kisha tukaongeza: kwa mkono, au kwa upondo, yaani mti kama ule ambao mabaharia wa pwani husukumia mashua penye maji machache. Walakini neno letu nalo lina mambo yake. Karani akinakili hesabu akaacha mstari, ameruka mstari, na jioni hesabu hazilingani. Mkulima akiacha shimo bila mbegu, ameruka shimo. Mwenye wazimu amerukwa na akili, maana akili yake imeondoka kama ndege ikamwacha mwenyewe. Na mwenye kukana deni alilokopa mbele ya mashahidi ameruka kimanga.

Msomaji ataona kwamba aghalabu maneno haya ni ya kuacha: huyu huacha mstari, yule shimo, mwingine huacha kweli. Mwanariadha peke yake haachi kitu, kwa kuwa akikipita kiunzi pembeni huondolewa mashindanoni.

Basi kijana wetu aliruka kuruka kupi? Barabara ya Thika ilipofunguliwa Novemba 2012 baada ya kupanuliwa, ilikuwa na njia nane mahali pengi, na madaraja ya wapita njia yakajengwa juu yake. Kiwanjani wakimbiaji wote huelekea upande mmoja. Hapa magari huja pande zote mbili, nayo huja kwa kasi, na mtu aliyeshika kizuizi kwa mkono huangalia miguu yake, haangalii lori. Kwa mkono alikuwa hodari, sikatai. Lakini alichokiruka hasa ni lile daraja.

Nilikuwa nikiyafikiri hayo, mara askari polisi akatokea, akamwuliza kijana kwa nini amevuka pale chini. Kijana akashangaa, akaapa kwamba yeye alipita darajani, na kwamba watu wote hapo ni mashahidi wake.

Mzee akanitazama. "Leo amekwisha ruka mara mbili," akasema, akatwaa kikapu chake cha miche, akaanza kulipanda daraja polepole.