Mtumbwi hauendeshwi kwa kura: siku tano za Luapula mpaka ziwa Mweru

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Sakania. Anayejua Sakania anajua reli, malori, vumbi na foleni ya mpaka. Treni ya kutoka kusini ilifika kwetu mwaka 1909, Lubumbashi ikangoja paka 1910, na sisi wa Sakania hatuachi kuwakumbusha watu jambo hilo. Lakini ziwa hatuna. Kuogelea wengi wetu hatujui. Mimi nimemaliza chuo kikuu bila kuingia maji yanayopita kiuno.

Lakini ukitazama ramani utaona kitu cha ajabu. Ile ncha ya nchi yetu inayoingia ndani ya Zambia kama kiatu ni teritwari ya Sakania, na mwisho wake wa mashariki unagusa mto Luapula. Luapula inatoka kwenye mabwawa ya Bangweulu kule Zambia, inazunguka ncha yetu, inageuka kaskazini, inakuwa mpaka wa inchi mbili, inapita Kasenga, halafu inaingia ziwa Mweru. Maji yanatoka tena Pweto kwa jina la Luvua, yanakutana na Lualaba, na safari inaendelea mpaka baharini. Vitu hivi tulivisoma shuleni, tukavijibu kwenye mtihani, tukavisahau.

Mwaka jana mwezi wa nane tulikuwa wanne: mimi, wawili niliosoma nao, na yaya mmoja aliyetutangulia kumaliza, ambaye alikuwa na hema mbili. Tukasema tutashuka Luapula kwa mtumbwi kutoka Kasenga, tulale njiani, tufike ziwani, tumalizie Kilwa. Ninaandika kwa sababu vijana wengi sasa wanapenda safari za namna hii, na picha zetu zilionyesha jua, samaki na matabasamu tu. Kuna nusu saa moja ambayo haiko kwenye picha.

Kwanza, kwa nini Kasenga. Kutoka Lubumbashi ni kama km 200 za barabara, na mwezi wa nane ni vumbi lakini unapita. Juu ya Kasenga, mto una maporomoko ya Mambilima, ambayo kwenye vitabu vya zamani yanaitwa Johnston. Chini yake maji yanatulia na mitumbwi inapita bila shida. Ndiyo maana Kasenga ilikuwa bandari ya samaki tangu wakati wa Wabelgiji. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa pale na maboti yao, wakapeleka samaki Elisabethville kulisha wafanyakazi wa migodi. Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa mpumbu. Mvua zikianza, mpumbu wanapanda mto kwa makundi kutaga mayai, na hapo ndipo nyavu zilikuwa zinawangoja. Ukimkamata samaki na mayai yake ndani, unakula mwaka huu na unakula mwaka ujao kwa pamoja. Miaka ya 1950 ilipofika, mpumbu walikuwa karibu kwisha. Leo chakula cha watu wengi pale ni chisense, samaki mdogo kama kidole, anayeanikwa kwenye mchanga. Tulikula chisense na bukari siku tano mfululizo. Sikuchoka, lakini yaya alichoka.

Majira nayo munapaswa kuyafahamu. Msiende wakati wa mvua kwa sababu ya radi na dhoruba. Lakini hata mvua zikipungua, Luapula haishuki mara moja, maana Bangweulu inayashika maji kama sifongo na kuyaachilia polepole. Mwezi wa saba na wa nane mto uko mzuri, mbu wamepungua kidogo, na usiku kuna baridi kali ambayo mimi sikuitazamia. Chukua blanketi.

Kapiteni wetu alikuwa mzee wa Kasenga, tulimwita Papa Kapita. Mtumbwi wake ulikuwa wa mbao za kupigilia misumari, mrefu, na ukishapakiwa ukuta wake ulibaki juu ya maji kwa upana wa kiganja na nusu. Yeye ndiye alitufundisha kupakia: vitu vizito chini na katikati, hakuna kusimama, hakuna kukaa ukingoni, na kila mfuko ufungwe kwa kamba kwenye mbao. Alileta bidoni nne tupu, akazifunga vizuri kizibo, akazitia chini ya viti. Tulidhani ni za kubebea mafuta akirudi. Kumbe ni za kushikilia ukianguka.

Mkono wa kushoto ni Kongo, wa kulia ni Zambia, na katikati hakuna alama. Papa Kapita alikuwa anakaa upande wetu, na kila jioni, mbele ya kufungua hema, alitupeleka kwa mkubwa wa kijiji kuomba. Siku ya pili rafiki mmoja akauliza, tunaomba ruhusa ya nini, mchanga ni wa serikali. Mzee akatupa kisa kinachojulikana bonde lote. Nkuba, mkubwa wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti. Nachituti akaenda kumlilia Mwata Kazembe wa Walunda, na Kazembe akamlipizia. Nkuba alipokufa, yule mama akampa Kazembe kikapu cha udongo na chombo cha maji: nchi pamoja na mito na maziwa yake. Mzee akasema, "Mayi ya huku iko na mwenyewe, batoto yangu. Anaombaka mbele, njo anaingia."

Kulala kando ya mto kuna sheria zake, na nyingi zinahusu kiboko. Mchana anakaa majini, usiku anatoka kula majani, na anapita njia ileile kila siku. Ukiona pengo kwenye matete, ardhi imekanyagwa laini na kushuka mpaka majini, unaona kama mahali pazuri pa hema. Hapo ni mlangoni kwake. Na ukimkuta nchi kavu, usisimame kati yake na maji, kwa sababu atataka kurudi majini na wewe utakuwa njiani. Mamba ni habari nyingine: usioshe sufuria ukiwa umechutama ukingoni jioni. Sisi tulichota maji kwa ndoo yenye kamba. Tuliyachemsha yote. Na sehemu za maji yaliyolala, zenye majani na konokono, ndizo zenye kichocho, basi hatukuoga pale hata jua lilipotuchoma sana.

Siku ya nne mto ulianza kupotea. Ndivyo ilivyo pale karibu na ziwa: maji yanagawanyika kwenye mabwawa, mafunjo yanakuzidi urefu, mfereji mmoja unaenda na mwingine unakufa. Bila Papa Kapita tungekuwa pale mpaka leo. Tulilala kwenye kambi ya wavuvi, na mzee akatuambia tutaondoka saa kumi ya usiku, ili saa tatu ya asubuhi tuwe Kilwa.

Hatukuamka. Tulikuwa tumekaa kwenye moto mpaka usiku wa manane, halafu kulipokucha kukawa na picha za kupiga, ukungu juu ya maji, mwanga mzuri. Tulipofika mdomo wa ziwa ilikuwa saa nne na nusu. Mweru lilikuwa limelala kimya. Mzee akatia kafi ndani ya mtumbwi, akasema, "Leo hatupite. Tutapita kesho."

Rafiki yetu mmoja alikuwa na kazi Jumatatu asubuhi. Tukaanza kujadiliana, kama tunavyojua kujadiliana sisi watu wa masomo. Ziwa limetulia, anga haina wingu, sasa tatizo liko wapi? Mtu akasema tupige kura. Kura nne kwa moja. Na mimi ninayeandika hapa niliinua mkono. Mzee alitutazama, akatazama ziwa, na akachukua kafi. Sisi ndio tulikuwa tunalipa. Aliomba kitu kimoja tu, wote tufunge majile. Tulikuwa nayo matano, ya kukodi. Yaya alivaa yake bila kufunga mikanda kwa sababu ya joto.

Sasa nieleze kile ambacho mzee alikuwa anakijua. Asubuhi nchi kavu na maji vinakaribiana kwa joto, basi hewa imetulia. Jua likipanda, ardhi inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Upepo huo hauhitaji wingu. Unahitaji jua tu, na unakuja karibu saa zilezile kila siku. Pili, wimbi linakua kwa urefu wa maji wazi ambayo upepo unapita juu yake. Mweru lina urefu wa km 131, na sisi tulikuwa kwenye kona ya kusini, na ziwa lote liko mbele yetu. Tatu, upande ule maji si marefu. Watu wanafikiri maji mafupi ni salama. Lakini wimbi likikosa kina linainuka, linakuwa fupi, kali, moja nyuma ya lingine bila kukupa nafasi. Mtumbwi wenye ukuta wa kiganja na nusu hauna jibu kwa wimbi la namna hiyo.

Upepo ulitukuta baada ya kama dakika 40. Kwanza maji yakabadilika rangi mbali. Halafu yakaanza kuingia kidogo, halafu mengi. Mzee akageuza pua ya mtumbwi kuelekea mawimbi na hakuigeuza tena, hata tulipompigia kelele kwamba pwani iko upande wa pili. Ukilipa wimbi ubavu linakupindua. Wawili walichota maji kwa sufuria, mimi kwa kopo la maziwa. Yaya akainama kushika mfuko wa unga uliokatika kamba, na wimbi likamchukua pamoja na mfuko.

Jile ilipanda ikamfunika uso na kutaka kumtoka kichwani, kwa sababu haikufungwa. Nilimwona mikono tu. Mzee alitupa bidoni, kisha akanyoosha kafi bila kusimama, na yaya akaishika. Hatukumpandisha, maana tungepinduka wote. Alishikilia nyuma ya mtumbwi, bidoni chini ya kwapa, huku mzee akituruhusu kurudi nyuma polepole, pua ikiwa bado kwenye mawimbi, mpaka matete yakatukinga. Ilikuwa nusu saa, labda pungufu. Telefone yangu iko chini ya Mweru, na unga pia.

Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipowasha moto. Mzee hakutugombeza. Alimpa yaya blanketi lake akamwambia asogee karibu na moto.

Usiku ule aliyetuamsha alikuwa yaya, saa tisa na nusu. Tulivuka gizani, nyota juu, maji kama sahani, hakuna hata mlio. Saa tatu tulikuwa Kilwa, na kisiwa cha Kilwa mbele yetu, ambacho ni cha Zambia ingawa kiko karibu na mji wetu kiasi kwamba unaona miti yake. Kwenye mpango wetu wa Lubumbashi tuliandika kulala kule. Papa Kapita akauliza kama tuna karatasi za kuvukia mpaka. Hatukuwa nazo, na safari hii hakuna aliyeomba kura.

Rafiki yetu alifika kazini Jumanne, akasema ukweli, na akakatwa siku moja. Mwezi wa saba tunarudi, na Papa Kapita amekubali. Mimi ninaenda kujifunza kuogelea kila Jumamosi. Mpaka sasa ninaweza kuelea dakika mbili.