Mpokea Wageni na Ndege Waliohama

Mgeni ashukapo garini katika hoteli ya Nakuru, neno la kwanza aulizalo si chumba wala chai, bali ni heroe. Amewaona katika picha, wameugeuza ukingo wa ziwa kuwa rangi ya waridi. Hapo ndipo kazi ya mpokea wageni ianzapo, nayo si nyepesi. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda sana, hata yakafikia lango kuu la zamani la Hifadhi. Magadi yakazimuka, na mwani, chakula cha ndege hao, ukapungua. Wengi wakahamia Ziwa Bogoria, upande wa kaskazini.

Kumficha mgeni habari hiyo ili alipie siku 2 ni rahisi. Lakini jioni atarudi na hasira, na atakayekabiliana naye si mwenye hoteli, ni yule yule aliye mezani. Mpokezi hodari humweleza kweli mapema, kisha humtajia vifaru na twiga, ambao hawakuhama. Ikiwa haja yake ni ndege tu, humwelekeza Bogoria, ingawa hoteli hupoteza malazi ya usiku mmoja, na bakshishi pengine isitoke. Mgeni huyo huondoka alfajiri, naye hufungiwa chakula cha njiani.